Presi ya Zamani ya Kubandika Picha: Soma Picha Iliyoharibika Kabla Hujashika Bisibisi

Presi ya kubandika picha kwenye bodi kwa joto haifi upesi. Ziko Seal za Marekani na Ademco za Uingereza zilizotengenezwa miongo kadhaa iliyopita ambazo mpaka leo zinafunga, zinapata moto na zinaingiza hela. Mwili wake ni chuma, bamba la moto ni alumini nene, na nyingi hazina kompyuta yoyote ndani. Kinachozeeka ni vitu vichache: themostati inayokata na kurudisha moto, nyaya, sponji ya chini na viungo vya mkono wa kufungia. Presi ya namna hii ikianza kuharibu picha, mara nyingi ina kasoro moja au mbili tu ambazo hakuna aliyezitafuta kwa utaratibu.

Shida huanza pale fundi fremu anapomwita fundi umeme na kumwambia, "Presi haishiki." Fundi umeme anapima, anakuta moto upo, anabadilisha themostati, anachukua hela yake. Wiki haijaisha, picha zinabanduka tena. Huyu fundi umeme hana kosa. Yeye hajui gundi, na hakuna aliyemwonyesha picha iliyobanduka. Ile picha ndiyo ilipaswa kuwekwa mbele yake kwanza, kwa sababu inaonyesha kasoro ilipo kabla hata kifuniko cha mashine hakijafunguliwa.

Majaribio mawili ya kuanzia

Chukua bango la zamani au kalenda ya mwaka uliopita, likate liwe karibu na ukubwa wa bamba la presi yako. Weka tishu ya gundi, yaani ile karatasi nyembamba inayoyeyuka kwa joto, weka bodi ya nyuma, funika na karatasi ya silikoni, bandika kama kawaida. Kabla hujaitoa, chora mshale kwa penseli kwenye bodi kuelekea upande wa bawaba za presi. Ikipoa, pitisha kiganja juu yake polepole na ukunje bodi kidogo kwenye kona, uone ni wapi haikushika. Zungushia sehemu hizo kwa kalamu.

Kisha rudia kwa karatasi nyingine, tishu nyingine na bodi kutoka kwenye rundo lile lile, ila bodi uigeuze mwelekeo. Kasoro ikitokea tena upande ule ule wa mashine, tatizo ni la mashine: joto au mgandamizo haufiki pale. Ikihama pamoja na bodi, au ikitokea mahali papya kila mara, mashine iache kwanza. Angalia unyevu, uchafu, au tishu yenyewe. Jaribio hili linakula nusu saa na kipande cha tishu, na hakuna kingine ninachokiamini zaidi yake.

Jaribio la pili ni kubandua. Inua kona ya picha iliyoshindwa kushika, uangalie tishu imebaki wapi. Kwenye presi inayopasha kutoka juu, joto hupita kwenye picha kwanza, ndipo lifike kwenye tishu, kisha bodi. Kwa hiyo tishu ikiwa imeshikana na picha lakini imeachana na bodi, joto halikufika chini: muda ulikuwa mfupi, moto ulikuwa mdogo, au bodi ilikuwa nene na baridi. Tishu ikiwa imeshika bodi lakini imeiachia picha, kwa kawaida moto umezidi, au mvuke ulitoka kwenye karatasi ya picha ukasukuma gundi. Ukiona hivyo usiongeze moto. Watu wengi huongeza, na picha inayofuata inakuwa mbaya zaidi.

Tishu ikiachia pande zote mbili, ikiwa ngumu na yenye kuvunjika, inawezekana ni mbovu. Tishu iliyokaa stoo chini ya bati, kwenye joto la Januari na Februari, haitegemewi hata kama bado imefungwa. Jaribu ya pakiti nyingine kabla hujatafuta ugonjwa kwenye mashine.

Picha ya kwanza inashika, ya tatu haishiki

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia kuliko yote, na ndilo linalowachanganya wengi, kwa sababu presi inaonekana nzima asubuhi na mbovu mchana.

Kila unapoingiza bodi baridi, bamba linapoteza joto. Presi yenye afya hulirudisha upesi. Presi iliyochoka hulirudisha polepole, na wewe unayekimbizana na oda ya mahafali unaingiza picha nyingine kabla moto haujarudi. Picha ya kwanza ilipata joto lililokuwa limejikusanya tangu asubuhi. Ya tatu inapata lililobaki. Ukisimama dakika kumi kati ya picha na picha kasoro ikaondoka, sasa unajua unachotafuta: nguvu ya kupasha imepungua.

Anza na umeme unaofika kwenye plagi, na upime presi ikiwa inawaka. Ukipima plagi tupu utadanganyika. Umeme wetu hapa Dar es Salaam ni volti 230, lakini jioni kila mtu akiwasha kiyoyozi na pasi, au ukiwa mwisho wa laini, unaweza kukuta 200. Nguvu ya elementi, yaani kile kipashio kilicho ndani ya bamba, hupungua kwa kasi kuliko volti zenyewe: presi ya wati 1,500 kwenye volti 230 itatoa wati 1,130 hivi kwenye volti 200. Robo nzima imepotea, na taa ya presi inaendelea kuwaka kama kawaida.

Mita ikisoma 230 presi ikiwa imezimwa, kisha ikashuka hadi 210 ukiiwasha, usikimbilie kulaumu laini ya mtaani. Shika waya wa ekstensheni na plagi baada ya robo saa, kwa tahadhari. Sehemu yenye moto ndiyo inayokula umeme wako. Waya mwembamba uliokunjwa nyuma ya benchi, soketi iliyolegea, plagi iliyoanza kuwa na rangi ya kahawia karibu na pini: hivi nimeviona vikiwa chanzo mara nyingi kuliko elementi. Presi iwe na soketi yake ukutani, ya ampea 13, yenye waya wa milimita za mraba 2.5, bila ekstensheni.

Umeme ukiwa sawa, sasa pima elementi. Chomoa presi, iache ipoe, tenganisha waya mmoja wa elementi, upime omu. Hesabu yake ni rahisi: volti mara volti, gawanya kwa wati zilizoandikwa kwenye kibati cha mashine. Presi ya wati 1,500 kwa volti 230 itasoma karibu omu 35. Presi nyingi zina elementi mbili zilizoungwa sambamba. Moja ikikatika, mita itasoma karibu omu 70, presi itapata moto kwa taabu, na nusu moja ya bamba itakuwa nyuma daima. Hapo lile jaribio la mshale litakuwa limeshakuonyesha ni nusu ipi.

Wenye presi za volti 120 kutoka Marekani wana jambo la ziada, nalo ni transfoma. Presi ya wati 1,450 iliyowekewa transfoma ya wati 1,000 itaielemea transfoma hiyo mpaka iungue, na kabla ya kuungua itakuwa inatoa volti pungufu. Weka ya wati 2,000 au zaidi. Na hakikisha soketi ya volti 120 imeandikwa kwa herufi kubwa, maana mtu akiichomeka presi hiyo moja kwa moja kwenye 230, elementi itavuta nguvu zaidi ya mara tatu na nusu ya ile iliyotengenezewa.

Namba kwenye nobu na joto la kweli

Themostati ya zamani haisemi uongo kwa makusudi, ila spring yake imelegea na kontakti zake zimeliwa. Nobu inaweza kuonyesha 90 bamba likiwa na 75, au 110. Kingine cha kuangalia ni kipimo chenyewe: presi nyingi za Marekani zina namba za Farenhaiti. Mia mbili ya Farenhaiti ni karibu nyuzi 93 za Selsiasi. Kijana mpya dukani anaweza asilijue hilo.

Tishu nyingi zinafanya kazi kati ya nyuzi 80 na 105 za Selsiasi, na pakiti hutaja joto lake. Dirisha hilo ni dogo. Ukikosea nyuzi 15 kwenda chini haishiki, ukikosea 15 kwenda juu unaiunguza picha. Kwa hiyo lazima ujue joto la kweli.

Watu wengi sasa wana kile kipimajoto cha kulenga kama bastola. Ni kizuri, lakini ukikilenga kwenye alumini inayong'aa kitakupa namba ya chini sana, kwa sababu alumini ng'avu haitoi mionzi ya joto kama inavyotakiwa. Bandika kipande cha maskintepu kwenye bamba, ukilenge hicho. Bora zaidi ni mita yenye waya wa kupimia joto, inayopatikana kwa wauza vifaa vya umeme Kariakoo. Laza ncha ya waya huo kati ya bodi mbili, mahali hasa ambapo tishu ingekaa, funga presi, uandike namba kila baada ya nusu dakika. Utaona jinsi joto linavyopanda pale gundi ilipo, na utaona inachukua muda gani kufika. Hiyo ndiyo namba yenye maana kwako. Fanya hivyo katikati na kwenye kona zote nne.

Ukishapata ukweli, andika kwenye kipande cha bodi na ukitundike ukutani juu ya presi: nobu ikiwa hapa, gundi inapata joto hili baada ya muda huu. Themostati iliyokosea kwa kiasi kile kile kila siku unaweza kufanya nayo kazi vizuri. Inayoyumba, leo 80 kesho 100, ibadilishwe.

Joto pia hupanda na kushuka kila themostati inapokata na kurudisha. Baada ya taa kuzimika mara ya kwanza, subiri robo saa bamba lote lilingane, kisha uwe unaingiza kazi wakati ule ule, taa ikiwa imezimika sasa hivi. Usichanganye.

Kona hazishiki, katikati iko sawa

Hapa usiguse nobu ya moto. Mara nyingi ni mgandamizo.

Kata vipande vya gazeti vya upana wa vidole viwili, uvipange kuzunguka ukingo wa presi baridi, kila kimoja kikitokeza nje. Funga. Vuta kimoja kimoja. Palipo na mgandamizo mzuri karatasi inachanika kabla ya kutoka. Palipo dhaifu inateleza tu. Ndani ya dakika tano una ramani ya ukingo wote wa presi yako.

Ikiteleza upande wa mbele peke yake, au wa bawaba peke yake, nati za kurekebishia zimelegea au hazilingani. Zungusha kidogo, robo mzunguko, kisha jaribu tena na vipande vya gazeti. Ukitaka kubandika fomubodi, ile bodi nene ya povu, baada ya kubandika kadi nyembamba, unene umebadilika, na nati hizo zilitakiwa kubadilika pia. Presi isiyo na marekebisho iliyofungwa kwa nguvu juu ya bodi nene hukunja mikono yake, na ikishakunjika haitarudi sawa bila fundi wa chuma.

Vipande vikishika ukingo wote lakini picha haishiki katikati, sponji imekufa. Sponji au filti iliyogandamizwa miaka mingi hubonyea katikati, mahali ambapo picha ndogo ndogo hubandikwa kila siku. Itoe, ilaze kwenye kioo kinene, utaona bonde lake kwa macho. Kwa muda mfupi unaweza kuiweka kadi iliyokatwa kwa umbo la lile bonde chini yake, lakini dawa ni kuibadilisha. Sponji ya godoro haifai kabisa: haihimili joto, inabonyea upesi na haitoi mgandamizo wowote wa maana. Tafuta sponji ya silikoni au filti ngumu, yenye unene ule ule wa ya zamani.

Na ukiona alama ndogo ya duara au mstari inayorudi mahali pale pale kwenye kila picha, pitisha vidole juu ya sponji. Pini ya fremu iliyosahaulika mara moja inaweza kuacha shimo lake pale kwa miaka.

Malengelenge

Picha inatoka imejaa malengelenge, mengine madogo kama chembe za mtama, mengine ya kidole. Unayabonyeza, yanarudi. Katika jiji hili, sababu ya kwanza ni maji.

Karatasi inanyonya unyevu wa hewa, na hewa ya Dar ina unyevu mwingi karibu mwaka mzima. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, inazidi, na vuli ya Oktoba hadi Desemba nayo haiko mbali. Bodi uliyoinunua jana ikiwa kavu, leo ina maji ndani yake. Ukiifungia kwenye presi yenye nyuzi 90, maji yale yanageuka mvuke, na mvuke uliokosa njia unainua picha kama chapati inavyovimba juu ya kikaango.

Dawa ni kukausha kila kitu kabla ya kubandika: picha kivyake, bodi kivyake. Weka kati ya karatasi mbili safi za kaki, funga presi nusu dakika, fungua mvuke utoke, funga tena, fungua tena. Kufungua ndiko kunakokausha. Ukiifunga dakika tatu mfululizo unachemsha unyevu ndani na kuurudisha palepale. Kujua kama imekauka, toa bodi na papo hapo laza juu yake kipande cha kioo baridi kutoka kwenye benchi la kukatia. Kioo kikipata ukungu, bado. Kikibaki safi, bandika mara moja, usiende kunywa chai kwanza, kwa sababu ndani ya dakika chache karatasi inaanza kunywa unyevu upya. Na zile karatasi za kaki nazo zinashika maji. Zikaushe au uzibadilishe.

Malengelenge yakiendelea baada ya kukausha vizuri, angalia aina ya picha. Karatasi za kuchapia za wino zenye uso wa plastiki hazipitishi mvuke kirahisi. Zipe joto la chini na muda mrefu zaidi. Picha za studio za siku hizi, ambazo karatasi yake imevikwa plastiki pande zote mbili, zisipite nyuzi 99. Juu ya hapo uso wake hulainika na kupata vinundu vinundu ambavyo havitoki.

Bodi inapinda wiki moja baadaye

Mteja wa ofisini Posta anapiga simu: picha ilikuwa imenyooka, sasa imejikunja kama upinde. Presi yako haina hatia hapa. Picha ilibandikwa ikiwa imetanuka kwa unyevu, ikapelekwa kwenye kiyoyozi kinachofanya kazi kutwa nzima, ikakauka, ikasinyaa, ikaivuta bodi. Tena ofisi hizo huzima kiyoyozi mwisho wa wiki, basi bodi inanyonya na kukauka kila wiki.

Kausha kabla, poza chini ya uzito ulio sawa, kioo kinene au bamba la chuma, na kwa picha kubwa bandika karatasi yenye uzito kama wa picha upande wa nyuma, ili bodi ivutwe pande zote mbili. Hili la mwisho linaongeza gharama. Mweleze mteja mapema. Ni nafuu kuliko kurudia kazi.

Moto haukatiki

Presi inapanda tu. Taa haizimiki, karatasi ya silikoni inageuka rangi ya kahawia, kuna harufu. Chomoa sasa hivi. Kontakti za themostati zimeshikana, au rilei, ile swichi inayoendeshwa na umeme, imeganda, na hewa ya chumvi ya pwani huchangia kwa kuzila kontakti hizo.

Kwenye presi nyingi kuna fyuzi ya joto karibu na bamba, inayokata umeme moto ukizidi. Kuna mafundi watakaokuambia fyuzi hiyo haipatikani, wacha tuunge dairekti. Ukatae. Duka la fremu limejaa mbao, kadi, tina ya kuyeyushia rangi na vanishi, na fyuzi hiyo ndiyo kitu pekee kinachosimama kati ya themostati iliyoganda na moto wa duka zima. Inauzwa kwa wauza vipuri vya pasi na oveni; soma nyuzi zilizoandikwa kwenye ile ya zamani, ununue ya nyuzi zile zile. Mpaka ipatikane, presi ikae bila kuwashwa.

Inatetemesha mkono, au breka inaanguka

Presi iliyolala bila kazi miezi kadhaa, hasa iliyopita masika yote ikiwa imezimwa, inaweza kuangusha breka mara tu unapoiwasha. Unga ulio ndani ya bomba la elementi hunyonya unyevu, na umeme unapenya kwenda kwenye mwili wa mashine. Fundi umeme mwenye mega, kile kipimo cha umeme unaovuja, atapima na kukuambia. Mara nyingi elementi haijafa, inahitaji kukaushwa taratibu na fundi huyo kisha kupimwa tena. Ikibaki chini ya megaomu moja baada ya kukauka, ibadilishwe.

Kama unahisi mtetemo ukiigusa, usivae kandambili ukaendelea. Waya wa ethi umekatika, au plagi ilibadilishwa ikawekwa ya pini mbili. Ethi ifike kwenye chuma cha presi, na soketi ya ukutani iwe na ethi ya kweli ardhini. Ziko nyumba ambazo tundu la tatu ni pambo tu.

Unapofungua presi ya zamani sana, angalia vitambaa vya nyuzi nyeupe au kijivu kwenye nyaya na chini ya kifuniko. Mashine za joto za enzi hizo ziliweza kutumia asbesto. Usivichokonoe, usivipulize kwa kompresa, usivifagie vikavu. Funga kifuniko, umtafute mtu anayejua kuviondoa kwa usalama. Vumbi lake huingia mapafuni na halitoki.

Gundi kwenye bamba

Kuna doa linang'aa kwenye kila picha, au karatasi ya silikoni inanata. Gundi imevuja. Bamba likiwa vuguvugu, isugue kwa kitambaa cha pamba na kikwaruzo cha mbao. Spiriti na tina ni kwa bamba lililopoa kabisa na mashine imechomolewa. Kisu na steluwuli viache: mkwaruzo mmoja kwenye alumini utauona kwenye kila picha yenye uso wa kung'aa. Weka alama kwenye karatasi ya silikoni, upande wa juu na wa chini, usizigeuze.

Presi za vakyumu

Hizi hazina mkono wa kugandamiza. Pampu inanyonya hewa na uzito wa hewa ya nje unafanya kazi. Hapa pwani tuna bahati. Geji inaweza kukaribia inchi 28 za zebaki, na kwa picha ya sentimita 60 kwa 80 huo ni mgandamizo wa zaidi ya tani nne. Presi hiyo hiyo ukiipeleka Arusha haiwezi kufika hapo, kwa kuwa hewa yenyewe kule juu ni nyepesi na kikomo chake ni karibu inchi 25. Mwenzako wa huko asihangaike kutafuta tundu lisilokuwepo.

Geji isipofika mahali pake, tenganisha pampu na meza. Toa bomba, ziba mdomo wa pampu kwa raba iliyounganishwa na geji. Ikipanda vizuri, pampu ni nzima na hewa inavuja kwenye meza: raba ya ukingo iliyokauka, kiwambo cha juu kilichotoboka, au kipande cha tishu kilicholala juu ya ukingo. Zungushia maji ya sabuni? Hapana, kwa sababu vakyumu inavuta ndani, haitoi mapovu nje. Sikiliza mluzi duka likiwa kimya, kisha bonyeza ukingo kwa kiganja kipande kwa kipande ukiangalia geji. Mahali inaporuka ndipo panapovuja.

Pampu ikishindwa yenyewe, angalia kioo cha oili. Oili nyeupe kama maziwa ina maji, yale yale ya karatasi ambayo hukuyakausha. Mwaga, weka oili mpya ya pampu za vakyumu, siyo ya gari. Pampu yenye vali ndogo ya kupitishia hewa, iendeshe na vali hiyo wazi nusu saa mwisho wa siku ili mvuke utoke. Na kama ni mota ya Marekani ya hezi 60, kumbuka umeme wetu ni hezi 50. Transfoma inabadilisha volti, hezi haiigusi. Mota itazunguka polepole kwa sehemu moja kati ya sita na itapata moto zaidi. Ipe muda mrefu kunyonya, na isifungiwe ndani ya kabati.

Visivyoingia kwenye presi yoyote

Kuna matatizo ambayo hakuna themostati itakayoyatatua, kwa sababu kazi yenyewe haikupaswa kupashwa. Picha ya altrasaundi huchapwa kwenye karatasi ya joto. Ukiifunga kwenye presi inageuka nyeusi yote, na mama aliyeileta hana nyingine. Ipige picha au iskani, uchape nakala, ubandike nakala. "Mama, hii halisi nakurudishia, ninayoibandika ni nakala yake" ni maneno ambayo kila kijana wa dukani ayajue.

Cheti halisi cha NECTA au cha chuo hakibandikwi. Kishikwe kwa kona za karatasi nyuma ya paspatuu, ile kadi yenye dirisha inayozunguka picha, ili siku kikitakiwa kuhakikiwa kitoke kama kilivyoingia. Mchoro wa Tingatinga umepakwa rangi ya enameli, tangu Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora juu ya hadibodi miaka ya 1960. Joto linailainisha rangi hiyo na karatasi ya silikoni inaondoka na kipande cha mkia wa chui. Nakala za mashine ya fotokopi na za leza zinaingia, ila kwa joto la chini kabisa ambalo tishu inaruhusu, kwa kuwa wino wake wa unga nao huyeyuka. Jaribu kwanza kwenye nakala ya ziada, na unapoibandua karatasi ya silikoni angalia kama imebeba kivuli cha maandishi. Ikibeba, shusha nyuzi tano, ongeza dakika.